Jezi Yenye Dirisha

Doornfontein, Johannesburg
12 Machi 2018

Kaka Pandu,

Usishtuke kuona karatasi. Namba yako ninayo, na najua unaishika simu kuliko ulivyokuwa ukishika mpira. Ila kwenye simu ukiulizwa jambo unajibu "sawa", au unanitumia kidole gumba, na mimi safari hii nataka maneno. Barua anakuletea Mayasa, yule Mtanga wenu anayepanda basi kuja kununua viatu huku. Majibu nawe mpe yeye.

Habari yenyewe ni hii. Kanisa letu limehama. Mwenye jengo la hapa Doornfontein alilitaka jengo lake, mchungaji akahangaika, akapata ukumbi Randburg. Jumapili ya kwanza naingia, natazama chini, naona mistari. Ya njano na ya bluu. Pandu, tunasali ndani ya ukumbi wa timu yetu, Radi! Viti vya plastiki vimepangwa juu ya uwanja. Kwaya inasimama golini kwako. Mimi nilikaa penye alama ya penalti, na mahubiri ya siku ile sikuyasikia hata nusu.

Baada ya ibada mlinzi wa ukumbi akanitambua. Akanitolea boksi lililokuwa stoo tangu timu ilipofungwa. Jezi kumi na mbili, zote kazi ya mikono yangu, zinanuka panya. Nimezifua. Glavu zako pia zimo, na kile kidole ulichokishona mwenyewe, mshono umelalia upande wake kama mlevi. Siku tatu nilikufundisha kushika sindano, lakini mkono wako wa kushoto ukaniambia hapana.

Nimenunua daftari kubwa. Nataka kuandika historia ya Radi tangu ilipoanza hadi ilipokufa. Nimewauliza vijana wa kanisani, hakuna anayejua kwamba watu wetu waliwahi kuwa na timu ya kulipwa iliyocheza mpira ndani ya ukumbi. Wanadhani nasema ule mpira wa mezani, wa vijiti. Iliniuma.

Basi niandikie mwanzo. Wewe ulikuwepo kabla yangu. Kigoda chako, ulichokuwa ukikikalia nikishona, bado kipo dukani kwangu. Wateja wanakikalia, na sipendi.

Dada yako wa cherehani,
Marcelline


Tanga
20 Aprili 2018

Dada Marcelline,

Mayasa kanikabidhi barua yako mbele ya watu, akatangaza, "Kutoka kwa mwanamke wa Joburg." Dada yangu Biubwa hajaniacha nipumue tangu siku hiyo. Mimi sina baya, ila goti lina mambo yake. Kazi yangu sasa ni kushona viatu na mabegi barazani kwa Biubwa. Ndiyo, cheka. Mkono wa kushoto huo huo uliokushinda ndio unaonilisha.

Mwanzo wa Radi andika hivi. Mwaka 2011 Bwana Bakiri, muuza vigae, alichoka kutuona tukicheza kwenye maegesho ya magari karibu na duka lake, tunamvunjia vioo. Akasema, mnataka mpira au mnataka vita? Akakodi ukumbi Randburg, akatuandikisha kwenye ligi, akatupangia nyumba moja Observatory, kule mlimani. Wachezaji kumi. Wakongo sita, sisi Watanzania watatu, na Sibusiso, ambaye baada ya mwaka alitukana kwa Kiswahili vizuri kuliko mimi.

Kocha François aliamini mapafu yanatengenezwa mlimani. Kila asubuhi tunapanda ule mlima wa Observatory, yeye yuko nyuma anapiga kelele za Kifaransa, majirani wanachungulia. Jikoni ilikuwa zamu. Siku yangu pilau, siku ya Alexis ugali na sombe, kisamvu chenu, na siku ya Sibusiso tunanunua mkate.

Mechi ya kwanza walikuja watazamaji kumi na mmoja. Nakumbuka kwa sababu niliwahesabu; sikuwa na kazi, kaka yako Alexis alikuwa anafunga tu kule mbele. Alikuwa akipokea mpira kwa wayo, anauvuta nyuma kidogo, beki anapita kama anawahi basi. Sijaona tena mtu wa namna ile. Kiswahili nacho kilitusaidia: tunaitana uwanjani, "mtu nyuma", "achia", wapinzani hawaambulii kitu.

Mwaka wa tatu ukumbi ulikuwa unajaa. Kina mama wa Yeuville walikuja na masufuria. Siku umeme ulipokatwa katikati ya mechi, watu waliwasha simu zao zote, tukamaliza dakika sita kwa mwanga wa simu. Hiyo iandike, usiiache.

Na andika kwamba jezi zetu zilikuwa nzuri kuliko za timu zote.

Pandu


Doornfontein
3 Juni 2018

Kaka Pandu,

Nimeandika yote. Hata Sibusiso. Yeoville umeiandika vibaya, nimekurekebishia.

Sasa nimefika kwenye kipande changu, ile jezi ya dirisha. Nimeieleza kwa msomaji asiyejua. Timu ikiwa nyuma na dakika zimebaki chache, kocha anamtoa kipa, anaingiza mchezaji wa tano wa mbele. Huyo lazima avae rangi ya kipa, lakini namba yake mwenyewe ionekane. Timu nyingine zilikuwa na jezi ya kipa kwa kila mchezaji. Bwana Bakiri alisema hana duka la nguo. Basi mimi nikashona moja tu, ya kijani, kubwa, na mgongoni nikakata dirisha la mraba. Anayeingia anaivaa juu ya jezi yake, namba yake inachungulia dirishani. Nilizungushia utepe ili pasichanike. Nililipima dirisha lile kwa mgongo wa Alexis, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiingia siku zote, na namba yake ni kumi na moja.

Jambo jingine sikukwambia, na nilidhani umelisikia kwa watu. Alexis hasemi nami. Tangu ile fainali. Ananipita kanisani kama anavyopita robot, zile taa za barabarani. Yeye na mkewe wanakaa upande wa golini, mimi upande wa mlangoni. Mwezi uliopita walimbatiza mtoto wao Gaëlle, na ile nguo nyeupe waliinunua dukani, Randburg, imeshonwa na mashine ya Uchina. Mimi shangazi yake, mwenye cherehani tatu, nilikaa nikaitazama ile nguo, pindo limekwenda upande.

Siku ya fainali aliniambia neno moja tu mlangoni: "Makasi yako ndiyo iliua Radi." Anasema nilikata dirisha dogo, ndiyo maana namba haikuonekana yote na bao lake likafutwa. Sikubishana naye. Baada ya wiki sita Bwana Bakiri akafunga timu, kama alivyoapa kufanya tukikosa kombe, na mlango ukafungwa na kwetu pia.

Nina kaka mmoja tu katika nchi hii, Pandu. Mama yetu yuko Bukavu, kila akipiga simu ananiuliza habari za Alexis, nami namdanganya.

Niandikie fainali. Wewe ulikuwa benchi dakika zile, uliona.

Marcelline


Tanga
29 Julai 2018

Dada Marcelline,

Pole sana kwa habari za Alexis. Sikujua. Wallahi sikujua.

Fainali haina mengi. Novemba 2015, tulicheza na wale wa Pretoria, tulifungwa tatu kwa mbili. Bahati mbaya tu. Andika hivyo, funga daftari, watu hawapendi kusoma mambo ya kushindwa. Mimi kumbukumbu yangu siku hizi si nzuri.

Huku mvua hakuna, karafuu za ndugu zangu Unguja mwaka huu zimezaa vizuri. Biubwa anakusalimu. Nimekuwekea kipande cha ngozi laini kwenye bahasha, ya kuvalia kidoleni unaposhona.

Jitunze.

Pandu


Doornfontein
26 Agosti 2018

Kaka Pandu,

Ngozi nimeipata, inanienea. Asante.

Lakini mtu aliyekumbuka watazamaji kumi na mmoja wa mwaka 2011 asiniambie kuhusu kumbukumbu mbovu. Na karafuu mimi sikuuliza.

Kila mmoja nimemwomba kipande chake. Kocha François kanisimulia mazoezi, Sibusiso kaja dukani kaongea saa mbili. Fainali nimekuachia wewe, na sitamwomba mwingine. Nimeacha kurasa nne.

Nikwambie na hili. Alexis amepata kazi ya ulinzi Durban, wanahama mwezi wa tatu mwakani. Nimesikia kwa watu, kama ninavyosikia habari zake zote. Akishaondoka tukiwa hivi, itakuwa hivi hadi mmoja amzike mwenzake. Naogopa, Pandu. Usiku si kitu, mchana ndio naogopa, nikiwa kazini, nikikata kitambaa cha mtu.

Andika ulichokiona.

Marcelline


Doornfontein
2 Desemba 2018

Pandu,

Mayasa amekuja mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema ulikuwa na homa. Mara ya pili alitazama chini, na Mayasa si mtu wa kutazama chini.

Sikukasirikii. Kurasa nne bado ziko wazi.

M.


Tanga
6 Januari 2019

Marcelline,

Hii ni barua ya saba. Sita nimezichana. Biubwa ameniambia nikichana na hii atanifukuza barazani kwake, na si mtu wa utani.

Unakumbuka Biubwa alikuja Johannesburg mwezi ule wa fainali. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Miaka minne nilimtumia picha, nikimwambia mimi ni kipa wa timu ya kulipwa, naye akawa anawaambia watu wote wa mtaani. Akauza cherehani yake apate nauli ya kuja kuniona. Na mimi nilijua jambo moja ambalo yeye hakulijua: tukiwa nyuma, dakika nne za mwisho, kocha atanitoa. Mwaka mzima ule nilikuwa natolewa. Nazivua glavu, nakaa, naitazama ile jezi yako ya kijani ikiingia uwanjani bila mimi. Niliichukia ile jezi, Marcelline. Uliishona vizuri, na niliichukia.

Siku ya fainali nilifika chumba cha kuvalia kabla ya wote. Jezi ilikuwa imekunjwa juu ya benchi. Nikatoa sindano, ile uliyonipa ya kushonea glavu. Nilitaka kuliziba dirisha lote, ili kocha akiitaka jezi aione imeziba, aseme basi, Pandu abaki. Ndivyo nilivyofikiri. Nilishona mishono mitano tu, kutokea ubavuni, kisha nikasikia viatu vya wenzangu mlangoni. Nikaikunja kama ilivyokuwa. Nikajiambia nitamalizia wakati wa mapumziko. Wakati wa mapumziko kulikuwa na watu.

Tatu kwa mbili. Kocha akanitoa. Alexis akaivaa akikimbia, hakuna aliyetazama mgongo wake. Mimi nilitazama. Dirisha lilikuwa limepungua, ile kumi na moja ilionyesha moja tu upande wa kulia. Moja ndiyo namba yangu. Nilikuwa na muda wa kusema. Ningepiga kelele mara moja tu, angevua, angevaa tena. Biubwa alikuwa ameketi nyuma yangu, akaniuliza, "Mbona wamekutoa, umeumia?" Nikageuka kumjibu.

Nilipogeuka tena Alexis alikuwa ameshafunga. Sekunde thelathini na nane zimebaki. Aliuvuta mpira kwa wayo, beki akapita, kipa akapita, akauweka. Ukumbi ulisimama wote. Kisha wale wa Pretoria wakakimbilia meza ya waamuzi. Kwenye orodha namba moja ni Pandu, na Pandu yupo benchi, basi huyu aliyefunga ni nani? Mwamuzi akalifuta bao.

Nilimsikia Alexis akikwambia lile neno la makasi mlangoni. Nilikuwa nyuma yenu hatua tatu, nimebeba begi la Biubwa. Nikapita. Nilidhani ni hasira ya siku moja, mtapatana. Baada ya miezi miwili nilirudi nyumbani, nikamwambia kila mtu ni goti.

Nimekaa miaka mitatu nikila kwa sindano ile ile niliyokudhulumu nayo. Mpe Alexis barua hii, asome mwenyewe. Akitaka kunitukana, anwani ya Biubwa anayo Mayasa. Nawe usiponiandikia tena, nitajua ni kwa nini. Nilikuwa na furaha kwenye kigoda kile kuliko golini. Ningekwambia hili zamani, lakini sikuwa na haki ya kulisema kabla ya hayo mengine.

Pandu


Doornfontein
17 Februari 2019

Pandu,

Nilijua.

Jioni ile ya fainali niliokota ile jezi ya kijani sakafuni chumba cha kuvalia, Alexis alikuwa ameitupa na kuondoka. Nikaigeuza. Mishono mitano, imelalia kushoto. Mimi ni fundi, mikono ya watu naijua kama mwalimu anavyojua hati za watoto wake. Katika Johannesburg yote kuna mtu mmoja anayeshona hivyo, na nilimfundisha mimi. Nikaificha chini kabisa ya boksi.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema siku ile, Alexis na wenzake wangekuvunja mikono, nami nilikuwa na hakika hiyo. Baadaye ulikuwa umeondoka, na nikafikiri, Alexis ana mke, ana kanisa. Mimi nina mashine zangu. Pandu akichukiwa ana nani? Nikasema nitaubeba mimi. Sikujua ungekuwa mzito hivi. Ubatizo wa Gaëlle ndio ulionishinda. Hata kabla ya hapo, lile boksi lilipofunguliwa nikaikuta jezi mle ndani, nikaona siwezi tena kungoja ukumbuke mwenyewe. Daftari nalitaka kweli, lakini zile kurasa nne ndizo nilizozitaka zaidi.

Sisemi ulichofanya ni kidogo. Ni kikubwa. Nilikukasirikia sana, mwaka mzima wa kwanza, na siku nyingine nilikuwa nakasirika huku nakukumbuka, sijui ni hasira gani hiyo.

Barua nilimpa Alexis Jumapili, baada ya ibada. Niliiweka juu ya kiti chake, nikaondoka. Jumanne alikuja dukani. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kigoda chako, kikamlalamikia kwa uzito, akaniuliza, "Uliyajua?"

Nikamwambia niliyajua.

"Na unanyamaza miaka tatu, na mimi nakupita kama mutu asiyejulikana?"

Nikamwambia nilikuwa namngoja mwenyewe aseme. Akashika kichwa. Nilidhani atapiga kelele juu yako, nilikuwa tayari hata maneno ya kukutetea. Mteja mmoja akaingia na kutoka. Kisha akasema, taratibu, hata hakunitazama, "Ile goli ilikuwa muzuri, Marcelline."

Miaka yote hii hakuna aliyemwambia. Bao lilipofutwa watu waliona kama halikupigwa. Nikamwambia, "Ilikuwa muzuri sana, kaka yangu." Ndipo akalia, mtu mzima yule, na mimi nikalia, na suruali ya mchungaji niliyokuwa nairekebisha ikaloa.

Kwako yeye bado ana hasira, sikufichi. Amesema anataka kukuona uso kwa uso, na ameniomba nikuulize kama goti ni la kweli. Nimemwambia nadhani ni la kweli kidogo. Durban wanakwenda, tarehe kumi ya mwezi ujao, lakini jana mkewe alimleta Gaëlle nimpime gauni la safari. Ana mabega ya baba yake.

Kurasa nne nimezijaza kwa maneno yako, sikubadilisha hata moja. Nimeandika na bao: dakika ya mwisho, Alexis, namba kumi na moja. Daftari ni langu, na ndani yake halijafutwa.

Jezi ya kijani iko mbele yangu. Alexis alitaka kuifumua hapa hapa, nikamzuia mkono. Mishono ni yako mitano, na njia ya basi unaijua. Njoo uifumue mwenyewe. Kigoda nimekisogeza karibu na mashine, na wateja nimewakataza kukikalia.

Marcelline